Asali ya Pili

Wahenga walinena: fuata nyuki ule asali. Methali hii imezoeleka mno madarasani na katika makongamano ya Kiswahili, kiasi kwamba aghalabu hutajwa bila ya kutafakariwa. Humweleza mtu namna ya kuipata asali. Haimwelezi la kufanya akishaipata. Kwa anayetaka kuilamba tu, hapana haja ya maelezo zaidi. Lakini kwa yule anayetaka kuigeuza iwe pombe ya wazee, kazi huanzia pale methali inapoishia, na swali lililo gumu kuliko yote si asali kiasi gani, bali asali itiwe lini.

Swali hilo lilimkabili mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, wa mwaka wa pili chuoni, katika likizo ya Agosti mwaka 2006. Kwao ni Murang'a, kwenye miinuko inayopanda kuelekea milima ya Nyandarua, mahali ambapo baridi ya mwezi huo hupenya hadi mifupani. Alirudi nyumbani akiwa amechacha, kwa maana ile inayoeleweka na wanafunzi wote: mfuko mtupu, fedha za mkopo zimekwisha zamani, na hata nauli ameazima kwa mwenzake wa chumba. Hakujua kwamba kitenzi hicho hicho, kwa maana yake nyingine, ndicho kitakachomtoa jasho juma zima.

Nyumbani palikuwa na shughuli. Kaka yake mkubwa alikuwa amepata mchumba, na siku ya kupeleka mahari, ambayo kwa Kikikuyu huitwa ruracio, ilikuwa imepangwa kuwa Jumamosi. Kwa mila za Wakikuyu, upande wa mume hauendi ukweni mikono mitupu; huenda na pombe. Na pombe inayoheshimiwa kuliko zote katika shughuli hiyo ni muratina, pombe ya asali. Binti huulizwa mbele ya wazee wa pande zote mbili kama pombe hiyo inywewe au isinywewe. Akiridhia, huonja na kumpa baba yake, na kitendo hicho ndicho idhini yake. Kwa hiyo pombe hiyo si kiburudisho tu, ni kauli. Ikiwa mbovu, ni sawa na kauli iliyoborongwa mbele ya watu wasiosahau.

Mpishi wa pombe katika boma lile alikuwa babu, mzee aliyekuwa amevuka umri wa miaka 80. Mikono yake ilikuwa bado na nguvu na pua yake bado ilikuwa kali, ila masikio yalikuwa yamezibwa na uzee. Aliyetaka kuzungumza naye alilazimika kumkaribia sikio la kushoto na kupaaza sauti. Siku ya Jumatatu jioni alimwita mjukuu wake mezani.

"Mkwe," alimwambia, "njoo uketi hapa."

Huo ulikuwa utani wao wa tangu utotoni. Kwa desturi za Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, na wa pili huitwa jina la babu mzaa mama. Kaka mkubwa ndiye aliyelibeba jina la mzee. Kijana huyu alikuwa na jina la upande wa mama, na kwa hiyo mzee alimwona kuwa ni mkwe aliyezaliwa upya. Utani huo ulikuwa na uzito wake juma lile. Maadamu aliyekuwa akiposa ni mwenye jina la mzee, ilikuwa kana kwamba mzee mwenyewe ndiye aendaye kuposa kwa mara nyingine, na aibu yoyote ingekuwa yake.

"Unasomea nini huko chuoni?"

"Ninasomea Kiswahili, Guka," kijana alijibu kwa sauti ya juu.

"Kiswahili ni maneno?"

"Ndiyo, Guka. Ni maneno."

"Basi mtu wa maneno hana budi awe mtu wa masikio. Yangu yamekufa. Utaniazima yako hadi Jumamosi."

Muratina ni jina la pombe, na pia ni jina la tunda linaloichachua. Mti wake huitwa mwegea kwa Kiswahili, na wataalamu wa mimea huuita Kigelia africana. Matunda yake ni makubwa, marefu na mazito, nayo huning'inia kwa vikonyo virefu kama vitu vilivyotundikwa kwa kamba. Likiwa bichi, tunda hilo ni sumu kwa binadamu. Hupasuliwa vipande, likachemshwa, maji yake yakamwagwa, likaanikwa juani hadi likauke na kubakia nyuzinyuzi nyepesi mfano wa sifongo. Kisha hutiwa katika kiasi kidogo cha maji matamu na kuwekwa mahali penye joto, hadi chachu ikae ndani ya nyuzi zile. Kipande kikishafanya kazi katika pombe moja hutolewa, kikakaushwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya pombe ijayo. Mzee alikuwa na vipande vilivyofanya kazi kwa miaka mingi, vimetundikwa juu ya meko, vyeusi kwa moshi.

Ni mwaka 1857 ambapo mwanasayansi Mfaransa, Louis Pasteur, alianza kutangaza hoja yake kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai vidogo mno, wala si kuoza kwa kawaida. Mzee hakupata kulisikia jina hilo. Hata hivyo alijua kwamba kipande kilichozoea kazi ni bora kuliko kipande kipya, na alivigusa vipande vyake kwa uangalifu wa mtu anayegusa kitu chenye uhai. Elimu mbili zilikuwa zimefika katika mlango mmoja kwa njia tofauti.

Asali ilitoka Kitui, kilo 5 ndani ya mtungi wa plastiki, nayo haikuwa rahisi. Baba wa kijana alipendekeza inunuliwe asali kidogo na kiasi kinachosalia kijaziwe sukari ya dukani, kama walivyokuwa wakifanya wengi. Mzee alipoelezwa jambo hilo sikioni, hakukasirika. Alisema tu kwamba sukari hulevya, lakini haina la kusema. Mazungumzo yakaishia hapo, na fedha za asali zikatafutwa.

Jumanne asubuhi kazi ilianza. Lita 20 za maji ya uvuguvugu zilitiwa ndani ya kibuyu kikubwa, zikafuatwa na kilo 3 za asali. Kijana alikoroga kwa mwiko mrefu hadi asali yote ikayeyuka, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji, na isipokorogwa hutulia chini kama tope. Vipande vya muratina vikatumbukizwa, mdomo wa kibuyu ukafunikwa pasipo kuzibwa kabisa, na kibuyu kikawekwa kando ya meko. Kilo 2 zilizobaki mzee alizifunika na kuziweka juu ya rafu.

"Hiyo ni asali ya pili," alisema. "Ina wakati wake."

Kijana alitaka kujua kwa nini asali isitiwe yote kwa mara moja, kazi ikaisha. Mzee alimjibu kwa swali: mtu aliyeshinda na njaa siku tatu akija kwako, utamwekea chungu kizima cha githeri?

Jibu hilo fupi limebeba mambo mengi ambayo yanaweza kuelezwa kwa lugha ya maabara. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80. Ikiwa haijaongezwa maji, utamu wake ni mzito kiasi kwamba chachu haiwezi kuishi humo. Ndiyo maana asali iliyokomaa vyema hukaa miaka bila ya kuharibika. Ikichanganywa na maji huwa chakula cha chachu, lakini hata hapo utamu ukizidi, maji yaliyomo ndani ya chembe za chachu huvutwa nje na chembe hizo zikadhoofika. Tena asali ina upungufu mkubwa wa naitrojeni, ambayo chachu huihitaji ili ijijenge na kuongezeka. Kwa hiyo chachu inayoanza kazi ndani ya asali ni kama mfanyakazi mwenye njaa aliyetwikwa mzigo. Akipewa nusu ya mzigo kwanza, hupata nguvu na kuongezeka. Akipewa wote, hujikokota au huanguka njiani.

Kuna sababu ya pili, nayo ni harufu. Pombe inapochachuka kwa kasi hutoa hewa ya kaboni kwa wingi, na hewa hiyo huondoka na manukato ya asali, yaani ule unukiaji wa maua ambao ndio tofauti kubwa kati ya asali na sukari. Asali yote ikitiwa mwanzoni, sehemu kubwa ya manukato hayo hupotelea hewani. Asali inayotiwa baadaye, dhoruba ikishapungua, huiacha pombe ikiwa na kumbukumbu ya mzinga. Hilo ndilo neno ambalo, kwa mujibu wa mzee, sukari haina.

Lakini baadaye nayo ina mipaka. Ikicheleweshwa hadi chachu imelala kabisa, asali ya pili hubakia tamu tu bila ya kugeuka pombe, na bakteria wa uchachu hupata nafasi ya kuingia. Ikitiwa kwa pupa wakati kibuyu kinafoka, povu hupanda ghafla na kumwagikia jikoni. Na ikitiwa, kisha pombe ikafungiwa ndani ya chombo kilichozibwa, hewa hukosa pa kutokea na chombo hupasuka. Wakati ufaao ni kati ya kelele na kimya: pombe iwe bado inasema, ila isiwe inapiga makelele. Mzee aliutambua wakati huo kwa kulitega sikio ubavuni mwa kibuyu. Hakuwahi kuonja ili kujua, na hakuruhusu kijana kuonja, kwa sababu muratina ilikuwa kinywaji cha wazee, na aliyeipika hakuwa na haki ya kuitangulia. Palisalia pua, kiganja na sikio. Na lililokuwa na kauli ya mwisho ni sikio.

Hapo ndipo Kiswahili kilipoanza kumwelemea mwenye kukisomea. Jumanne usiku mzee alimuuliza, "Inasema nini?" Kijana akajibu kwamba imechacha. Mzee akatikisa kichwa. Alichotaka kujua si kwamba inachacha, bali inachacha vipi. Kijana akarudi kibuyuni, akatega sikio tena, kisha akafungua daftari lake. Saa nne usiku aliandika: inanong'ona. Saa tisa usiku: inatokota kwa mbali. Jumatano asubuhi: inachemka. Adhuhuri: inafoka, inavuma kama mzinga. Kwa kila neno alilolipata kwa Kiswahili alilazimika kulitafutia lenzake kwa Kikikuyu, akalitamka kwa sauti kubwa katika sikio la kushoto la mzee, na mzee akaitikia kwa kichwa, kana kwamba anapokea taarifa kutoka kwa mjumbe.

Kamusi hazikumsaidia sana. Kitenzi chacha hutumika kwa pombe iliyofaulu na kwa uji ulioharibika. Kwa unga wa mkate na kwa maharagwe yaliyolala. Watu wa pwani angalau wana tembo tamu na tembo kali, wakimaanisha utomvu wa mnazi uliogemwa hivi punde na ule uliokwisha kukolea. Lakini hayo ni majina ya mwanzo na mwisho wa safari, wala si ya njiani. Tanzania ina wanzuki, pombe ya asali ambayo jina lake linamkumbusha msikilizaji yule nyuki wa Kiswahili, njuki wa Kikikuyu na nzuki wa Kikamba. Wanyarwanda nao huita asali ubuki. Ndugu hawa wa Kibantu walitoka na nyuki katika nyumba moja, na huenda kila mmoja ana maneno yake ya kile kinachosikika ndani ya kibuyu. Kijana alianza kuhisi kwamba maneno hayo hayakuandikwa kwa kuwa waliokuwa nayo walikuwa wakisikiliza, na walioandika hawakuwa jikoni.

Jumatano usiku ndio uliokuwa usiku wenyewe. Kelele zilikuwa zimeanza kupungua, na mzee alikadiria kwamba wakati wa asali ya pili ungefika kabla ya mapambazuko. Aliacha maagizo mawili: moto usizimike, na kibuyu kisikilizwe kila saa. "Kikishusha sauti, uniamshe," alisema. "Usingoje kinyamaze." Kisha akaenda kulala.

Kijana alisikiliza saa nne, akasikiliza saa tano, akaandika yote mawili daftarini. Saa sita kaka yake alikuja jikoni wakaota moto pamoja na kuzungumza juu ya mchumba, juu ya mbuzi waliosalia kulipwa, juu ya wasiwasi wa mtu anayekaribia kuoa. Ilikuwa mazungumzo matamu, ya aina ambayo ndugu hawayapati mara nyingi. Kaka alipoondoka, moto ulikuwa umebakia makaa, na kijana alijiambia kwamba angejinyoosha kidogo tu juu ya gunia kabla ya kwenda kuongeza kuni.

Alizinduliwa na jogoo, na nuru ya alfajiri ilikuwa imekwisha kupenya kati ya mbao. Meko yalikuwa majivu matupu. Baridi ilikuwa imejaa jikoni. Alitega sikio kibuyuni, akasikia ukimya. Akalitega tena, akashika pumzi, na kwa mbali akasikia tone moja la sauti, kisha kimya tena. Chachu hupenda joto. Ikipatwa na baridi ya ghafla hulegea, na hatimaye hulala. Pombe ya kaka yake ilikuwa imelala pamoja na mlinzi wake.

Mzee aliingia akiwa amejitanda blanketi. "Inasema nini?"

Kijana alikuwa na muda mfupi mno wa kuchagua neno, na kati ya maneno yote aliyokuwa nayo alichagua la uongo. "Bado inasema, Guka. Imeshusha sauti sasa hivi tu."

Mwongo mwingine angetumaini kwamba mtu asiyesikia hawezi kuujua ukweli wa sauti. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mzee alikikaribia kibuyu, akaweka kiganja chake ubavuni mwake na kukiacha hapo kwa muda mrefu. Pombe inayochachuka huwa na joto lake yenyewe, na ubavu ule ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akatazama majivu. Hakusema kwamba amedanganywa. Aliuliza tu swali lile lile, polepole zaidi, akimtazama kijana midomoni: "Mkwe. Inasema nini?"

Kijana alikwenda kwenye sikio la kushoto. Alisema, "Haisemi kitu, Guka. Nililala. Moto ulizimika. Nimekudanganya."

Mzee alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema jambo ambalo mjukuu wake hajapata kulisahau: "Kulala ni kwa mwili. Nisingekulaumu kwa kulala. Lakini ukiniazima masikio, kisha ukayatia uongo, umenifanya kiziwi mara ya pili."

Hapakuwa na muda wa kulia. Moto uliwashwa upya na kibuyu kikasogezwa karibu zaidi na meko. Mzee hakuimwaga asali ya pili ndani ya pombe iliyolala. Hilo, alieleza, lingekuwa ni kumlundikia chakula mgonjwa asiyeweza kuinua kichwa. Alichota kiasi kidogo cha pombe, akakitia ndani ya kibuyu kidogo pamoja na maji ya uvuguvugu na vijiko vichache vya asali, akatumbukiza kipande kikavu cha muratina kilichokuwa juu ya meko, kisha akampa kijana akipakate karibu na moto. Kijana alikipakata tangu asubuhi hadi jua likaanza kushuka. Alasiri kibuyu kidogo kilianza kunong'ona. Jioni kilikuwa kikichemka. Ndipo mzee akaanza kukirudisha ndani ya kile kikubwa kidogo kidogo, kila mara akingoja kile kikubwa kiitike.

Usiku wa kuamkia Ijumaa hakuna aliyelala. Kijana alisikiliza kila saa na kusema kile tu alichokisikia, hata pale ambapo alichokisikia kilikuwa kidogo. Ijumaa asubuhi kibuyu kikubwa kilikuwa kikivuma, na ilipokaribia adhuhuri sauti ikaanza kushuka. Alimwendea mzee na kumwambia. Mzee hakuweka kiganja ubavuni mwa kibuyu kuhakikisha. Aliiteremsha asali kutoka rafuni, wakaiyeyusha kwanza kwa pombe vuguvugu waliyoichota, ili isizame wala isiamshe povu, wakaitia kwa mafungu matatu. Harufu ya maua ilijaa jikoni.

Hata hivyo siku moja ilikuwa imepotea, na siku haiyeyuki katika asali. Jumamosi pombe ilikwenda ukweni ikiwa changa kuliko ilivyostahili, na usiku ule wa kimya ulikuwa umeacha alama ya uchachu. Wazee wa upande wa binti waliketi, pembe ya kunywea ikajazwa, na mzee mmoja wao akapewa aichunguze. Alinusa, akaonja, akatulia. Kisha akasema kwamba pombe ile ina utamu wa mtoto na uchachu wa mzee, na akauliza ni kwa nini.

Babu hakuwa amesikia. Alimgeukia mjukuu wake, na mbele ya watu wote kijana akalazimika kulirudia sikioni mwake, kwa sauti ya juu, kila neno la lawama hiyo. Angeweza kulilainisha. Hakulilainisha. Mzee alitikisa kichwa na kumwambia, "Wajibu. Wewe ndiwe masikio yangu. Leo uwe na mdomo wangu pia."

Kijana alisimama. Alieleza kwamba pombe ililala usiku mmoja kwa sababu mlinzi wake alilala, kwamba mlinzi huyo alikuwa yeye, na kwamba asali ya pili ilichelewa kwa zaidi ya siku nzima. Hakutaja mazungumzo ya usiku wala baridi ya Agosti. Baadhi ya wazee walicheka. Yule aliyeuliza hakucheka. Alisema kwamba nyumba inayotaja kasoro ya pombe yake haitaficha kasoro ya mwana wake, akaamuru binti aitwe. Binti aliulizwa kama pombe hiyo inywewe. Alionja, akakunja uso kidogo, akatabasamu, akampa baba yake.

Mzee aliaga dunia mwaka 2011. Vipande vyake vya muratina vilimwendea mjukuu aliyemwita mkwe, wala si yule aliyelibeba jina lake. Mwaka 2015, serikali ilipoendesha msako mkali dhidi ya pombe haramu katika eneo la kati, mama wa kijana aliingiwa na hofu akataka kuvitupa, kwa kuwa wakati huo si wengi waliojisumbua kutofautisha kati ya pombe ya mila inayopikwa kwa asali na vileo vya kemikali vilivyokuwa vikiua watu. Vilifichwa ndani ya kikapu cha nguo hadi tufani ilipotulia. Mjukuu sasa ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, na hupika muratina mara chache tu, panapokuwa na shughuli ya ukoo. Asali huitia kwa awamu mbili. Moto hauzimiki.

Daftari lile la mwaka 2006 angali analo. Anapofundisha somo la tanakali za sauti na vitenzi vya sauti, huwasomea wanafunzi orodha yake: inanong'ona, inatokota, inachemka, inafoka, inavuma. Huwaambia kwamba msamiati haukui kwa kukariri kamusi peke yake, bali kwa kusikiliza kitu hadi kikudai jina lake. Na kwamba neno zuri lililotumiwa kusema lisilokuwepo lina hasara kuliko ukimya. Kati ya saa sita ya usiku ule na alfajiri pana mistari mitupu ambayo haina maandishi. Mara kadhaa wanafunzi wamemuuliza kwa nini mistari hiyo iliachwa wazi. Huwajibu kwamba hapo alilala, kisha huendelea na somo.